Cheni Kavu kwa Barabara ya Kalengera

Munaniletea velo zenu zikiwa zimekufa, kisha munaketi kwenye jiwe langu na kuchezea telefone mpaka nizifufue. Munaziita VTT, velo za milima, munavaa kofia za plastiki zenye matundu, munaongea juu ya mbio za siku nzima milimani, lakini hakuna hata mumoja wenu anayejua pine yake inataka upepo kiasi gani. Juzi mumoja aliniuliza kama cheni iko na mbele na nyuma. Nikamujibu: ndiyo, kama ng'ombe. Akainama kutafuta kichwa.

Kazi nimeiacha, kama mutu ambaye hakuandikwa na patron yeyote anaweza kusema ameacha kazi. Mikono inatetemeka, na tundu la chambre à air, ule mupira wa ndani, silioni tena bila beseni ya maji. Kilichobaki ni kusema. Nitawaambia ninachojua kuhusu kutunza velo ya milima wewe mwenyewe, kwa mbio ndefu ambazo hakuna gari linalokufuata nyuma. Nitasema chote. Zamani sikusema chote, na uchungu munaousikia kwenye sauti yangu hata ninapowatania ulianzia hapo.

Shule niliiacha kwenye la tano ya primaire, na velo ndiyo iliyonitoa. Directeur alikuwa na velo nyeusi ya Kichina. Alipoacha kukanyaga pedali, gurudumu la nyuma liliendelea kuongea lenyewe, tik-tik-tik, mpaka alipofika kwenye mulango wa ofisi. Nilitaka kujua nani anaongea mule ndani. Saa ya mapumziko nikaigeuza chini juu, nikapiga kile kifuniko cha roue libre, ile ya meno kwenye gurudumu la nyuma, kwa musumari na jiwe, upande huu, hakitoki, upande huu, hakitoki. Nilikuwa sijui kwamba kifuniko hicho kinafunguka kwa upande ambao vitu vingine vinafungwa. Kilipotoka, vigololi vya chuma viliruka kwenye majani kama mahindi kwenye kikaango. Tulivitafuta, directeur, mimi na darasa zima, mpaka kengele ikalia. Akaniambia: "Rudi na vyote, ao usirudi." Sikurudi. Lakini nilikuwa nimeona yule anayeongea: ni meno mawili madogo na waya mwembamba kama unywele. Kwa hiyo la kwanza, mukifungua roue libre, tandikeni kitambaa chini.

Baada ya hapo nilikuwa mutu wa kuzunguka. Nilipakia magunia kwenye malori kule Bunagana, nikachoka na watu wa douane, wale wa ushuru wa mupaka. Nikachunga ng'ombe za mutu Masisi, nikachoka na ng'ombe. Nikarudi Goma, nikashika chukudu, ile velo ya mbao isiyo na pedali ambayo ninyi muliona sanamu yake tu kwenye rond-point, pale magari yanapozunguka, mukapiga nayo picha. Nilitelemsha kabichi na makaa kutoka Kibumba. Huko nilimupata Ndagije.

Ndagije alikuwa mutoto wa Rutshuru, murefu, mwenye mapaja kama miti ya mikaratusi. Siku ya kwanza alinikuta nimekwama, na yeye akasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya chukudu. Dereva hapiti mwenziwe aliyekwama kwenye kilima. Unalaza yako kando, unaweka bega chini ya muzigo wake, munasukuma wote mpaka juu, kisha munarudi pamoja kuchukua ya kwako. Hakuna aliyeiandika. Anayepita bila kusimama, wenzake wanamupa jina, wanamuita Gari, kwa sababu gari ndilo linapita bila kuangalia mutu. Nilimujua mwanaume mumoja aliyeitwa Gari mpaka siku ya mazishi yake. Watoto wake waliitwa watoto wa Gari.

Tulisukumana hivyo miaka. Halafu tukapata mwalimu.

Muzee Birori alitengeneza velo katikati ya muji, chini ya bati moja. Alikuwa mufugaji wa Masisi kabla vita haijala ng'ombe zake, na velo alizitibu kama ng'ombe. Hakuuliza mwenye velo ina shida gani. Aliipeleka hatua kumi akitembea kando yake, akishika kiti kwa vidole viwili, akisikiliza. Kisha aliweka ncha ya fimbo yake kwenye mhimili wa pedali na ncha nyingine kwenye sikio, na kuzungusha pole pole.

"Velo haisemi uongo," alituambia. "Mwenye velo ndiye anasema uongo. Anakuambia imeanza jana."

Volkano iliposhuka, moto ulipita juu ya lile bati. Muzee Birori alitoka mbio na sanduku la vifaa kichwani. Godoro aliliacha. Mama wa nyumbani kwake alimukumbusha godoro hilo kila usiku waliolala chini, na walilala chini muda murefu. Walihamia upande wa Lac Vert, na Ndagije na mimi tukawafuata.

Muji ulikuwa umefunikwa na mawe meusi yenye joto. Tulitembea juu yake na kandambili zikinuka mupira unaoungua, tukitafuta vyuma. Kwenye ukingo wa lava tukavuta cadre ya VTT ya kweli, yaani mifupa yake, rangi imeungua yote, lakini chuma kizima. Ya pili tulipewa na dereva wa mugeni fulani aliyevuka mupaka bila kuaga. Miaka miwili tulikusanya vipande, gurudumu hapa, guidon ya kushikia pale, mpaka zikasimama velo mbili, moja yake, moja yangu, na hakuna kipande kwenye yangu ambacho mukono wake haukukaza.

Sasa sikilizeni kuhusu mawe hayo, kwa sababu bado munakimbia juu yake. Jiwe la lava halitoboi pine kama musumari. Linaikata, kama kisu cha mwenye haraka. Kata mukanda kwenye chambre à air ya zamani ya pikipiki, uupake unga wa mihogo usishikane, uulaze ndani kati ya pine na chambre. Velo itakuwa nzito kidogo. Afadhali uzito kuliko kutembea. Upepo, bonyeza kwa kidole gumba: kwenye jiwe kavu kidole kiingie kidogo, kwenye matope kiingie zaidi. Vumbi jeusi linajificha kwenye mipira ya frein, ile ya kusimamisha velo, na kula jante, ile duara ya chuma inayoshika pine. Chukua sindano, toa punje moja moja, na kila juma pitisha ukucha kwenye ubavu wa jante. Ukikuta bonde kama sahani, jante hiyo imeshakufa, inangoja tu siku ya kukuzika nayo. Na kila écrou, kila nati, ukishaikaza, pakaza musitari wa rangi ya kucha kutoka kwenye écrou mpaka kwenye chuma. Musitari ukikatika, imejifungua. Rangi hiyo niliiiba kwa dada yangu. Nyekundu. Alipouliza, nikasema sijui. Akaangalia velo, akaangalia vidole vyangu, akaondoka.

Muzee Birori alipokaribia kufa, alituita wote wawili. Kwenye sanduku lake kulikuwa na kifaa kimoja ambacho Goma nzima walikuwa nacho watu wachache: dérive-chaîne, kile kidogo chenye skrubu, kinachosukuma pini ya cheni itoke na irudi. Cheni ikikatika porini na unacho, unatoa kiungo kilichoharibika, unaunga, unaenda. Huna, unatembea. Alikiweka kitandani katikati yetu.

"Hiki ni cha wawili," akasema. "Musikigawe."

"Kifaa hakigawanyiki, Muzee," Ndagije akamutania.

"Najua. Nasema juu yenu ninyi."

Ni hiki hapa, kilichofungwa kamba kwenye mulango wangu, nje. Munafikiri ninaogopa wezi. Kamba ni ndefu, inafika barabarani. Kila anayepita anaweza kukitumia bila kuniita.

Tuje kwenye cheni, maana kila kitu kilivunjikia hapo.

Kila mutu aliyetoka kwenye chukudu anaamini mafuta. Gurudumu la mbao linapenda vidange, yale mafuta meusi yanayotolewa kwenye injini ya gari. Ukilinyima linalia kama mutoto. Kwa hiyo tulipopanda VTT tulimwaga vidange kwenye cheni vile vile, mpaka inadondoka. Cheni ya velo si gurudumu la mbao. Mafuta ya nje yanaita vumbi, na vumbi la hapa ni jiwe lililosagwa. Vinakuwa uji mweusi, uji unaingia kwenye pini, na pini zinasagika mukiwa munasifu jinsi cheni inavyong'aa. Pitisha kidole chako kwenye cheni. Kikitoka cheusi, umekwisha kushindwa kabla ya kuanza.

Jibu nililipata kwa udadisi wangu, si kwa akili. Nilikuwa nimekaa kwa seremala mumoja kule Sake, sina kazi, ninaangalia. Alikuwa anasugua buji kwenye musumeno, ile mishumaa myeupe ya kawaida. Musumeno ulipita kwenye mbao mbichi kama kwenye ndizi, na unga wa mbao haukushika. Usiku ule sikulala.

Fanyeni hivi. Toa cheni. Ioshe kwa petroli ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, tatu, mpaka maji yabaki meupe. Ianike juani ikauke kabisa. Vunja buji ndani ya kopo la maziwa, uliweke kopo hilo ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, usiliweke juu ya moto wenyewe, utaunguza nyumba. Buji zikiyeyuka, zamisha cheni. Itatoa mapovu, hiyo ni hewa inatoka kwenye viungo na buji inaingia. Mapovu yakikoma, itoe, itundike kwenye musumari. Ikipoa itakuwa ngumu kama nyoka mukavu. Ivute kwenye fimbo, nyuma na mbele, mpaka kila kiungo kilegee. Hapo nje hakuna kitu, ndani kuna kila kitu. Vumbi linakuja, halipati pa kukaa.

Dakika moja imetosha kuwaambia. Ndagije sikumuambia.

Wakati ule kulikuwa na mbio zilizotangazwa, Goma mpaka Kalengera na kurudi, siku moja, kwa barabara na kwa njia za mashamba. Watu waliozipanga waliahidi kwamba wa kwanza, yeye peke yake, atapelekwa Ulaya kukimbia siku saba milimani. Nafasi moja. Mimi nilikuwa nimeona Bunagana, Masisi, Sake, na mawe. Nilitaka kuona kitu kimoja ambacho hakikuungua. Ndagije alitaka hivyo hivyo, na Ndagije alikuwa na nguvu kunishinda. Kwenye mazoezi ya Lac Vert alinisubiri juu ya kila kilima, ameketi, anakula kiazi. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hakuwa nacho, na kilikuwa ndani ya kopo la maziwa.

Alihurumia cheni yangu. "Ndugu, hii imekauka kabisa. Itakufa."

"Nitaweka kesho."

"Kesho yako nayo imekauka." Nikaenda choo. Niliporudi nikakuta ameimwagia vidange yake, nusu chupa, anatabasamu. Nikamushukuru. Alipoondoka niliiosha upya, siku nzima, nikimutukana kwa wema wake.

Buji nilinunua kwa mama yake. Mama Ndagije aliuza kule Birere, kwenye meza ndogo: buji, kiberiti, sabuni, chumvi. Umeme ulikuwa haupo, kila mutu alinunua buji, lakini mimi nilinunua kama parokia.

"Mwanangu, unaomba sana siku hizi," akaniambia.

"Kuna mambo mengi, Mama."

"Ni kweli. Vita inarudi, wanasema waasi wako Bunagana." Akachukua buji moja zaidi, akaiweka juu ya zangu. "Hii ni yangu. Uwashe uniombee Ndagije ashinde."

Nikasema ndiyo, Mama. Niliiyeyusha pamoja na nyingine.

Asubuhi ya mbio tulikuwa kama arobaini, wengi na velo za kubebea abiria. Mwanaume mumoja alisoma règlement kwenye megafoni. Kila mutu na velo yake, kila mutu abebe vifaa vyake. Atakayepokea musaada na atakayeutoa, wote wawili wanatoka. Ndagije akanigusa bega. Kifaa cha Muzee Birori kilikuwa kwenye mufuko wangu wa kifuani, ndani ya plastiki, pamoja na viungo vya cheni, viraka na gundi.

"Tubaki pamoja mpaka Kibumba kwenye kurudi," akasema. "Kikihitajika, kiko. Kuanzia Kibumba ni kutelemka tu, hapo kila mutu na Mungu wake."

"Sawa."

"Na règlement?"

"Règlement haijui kilima cha Rugari," nikamujibu. Tukacheka. Nilicheka kweli, wala sikuwa nimepanga kitu.

Ilikuwa kiangazi, vumbi lilisimama hewani kama moshi. Kisha Kibumba ikatupa manyunyu yake, ile mvua nyembamba ya baridi isiyolowesha nguo lakini inalowesha barabara, na vumbi likawa uji. Mpaka Kalengera tulikuwa wawili mbele, wengine hawaonekani. Pale mutu alitupiga muhuri wa wino kwenye mukono, tukageuza. Mama mumoja aliyekuwa na kikapu cha maharagwe akatuuliza tunakimbia nini. Ndagije akamuambia: "Tunafukuza ndege, Mama." Akasema: "Wenzenu wanakimbia kutoka juu huku na magodoro. Harakisheni basi."

Tulisikia. Tulijifanya hatukusikia.

Kupanda kutoka Rumangabo mpaka Rugari munakujua. Ndagije alianza kunitoka. Kwanza urefu wa velo moja, kisha mbili, kisha nilibaki naona mugongo wake tu. Cheni yake ilikuwa inalia, krr, krr, na yangu haikutoa sauti, lakini ilikuwa haisaidii kitu: mapaja ni mapaja. Nilianza kuona Ulaya ikiondoka mbele yangu ikiwa imevaa shati lake la kijani. Kisha nikasikia mulio kama kijiti kikavu kinavunjwa.

Nilipomufikia alikuwa amesimama, cheni mukononi, vidole vyeusi mpaka kwenye kifundo. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja mimi, kama alivyoningoja juu ya kila kilima.

"Leta kifaa."

Nikapunguza mwendo. Sikusimama.

"Ndugu. Leta."

"Règlement," nikasema.

"Hapa nani anatuona?"

Hakuna aliyetuona. Kulikuwa na mashamba, na ukungu, na mbuzi mumoja amefungwa.

Akatembea kando yangu, mukono kwenye guidon yangu, akivuta velo yake kwa mwingine. "Basi usinipe. Kiangushe. Mufuko umefunguka, kimeanguka, miye nimeokota. Nani atajua?"

Hiyo ilikuwa njia ya haki kabisa. Hata yule wa megafoni asingeweza kusema kitu. Ningefungua kifungo kimoja tu. Nilikaza macho kwenye barabara na nikakanyaga, na mukono wake ukatoka kwenye guidon.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, nyuma yangu: "Haya. Pita, Gari."

Nilikuwa nimevuka Kibumba niliposikia milio ya risasi, nyuma, upande wa Rugari. Mwanzo moja moja, kisha mingi pamoja. Gari la waliotusimamia lilinipita likikimbilia Goma, na dereva hakuniangalia. Nilitelemka mpaka muji. Pale mwisho kulibaki mwanaume mumoja na meza. Aliandika jina langu kwenye karatasi haraka, bila kukaa, akiangalia barabara nyuma ya mugongo wangu. Nilikuwa wa kwanza. Yeye alivuka mupaka kabla jua halijazama, na Ulaya sikuisikia tena. Ile karatasi nilifunikia kopo la graisse, yale mafuta mazito. Ilifaa kwa kazi hiyo.

Waliokuwa nyuma sana waligeuza, wakajificha kwa watu wa Kalengera na Rubare, wakarudi wakiwa wazima. Waasi walifunga barabara pale katikati. Pale katikati alikuwa mutu mumoja, anatembea, anasukuma velo. Angekuwa na cheni angevuka Kibumba mbele yangu.

Mama Ndagije alikuja Lac Vert kwa muguu. "Ulimuona?"

"Alikuwa nyuma yangu, Mama." Hata uongo haukuwa.

Sikununua kwake tena. Siku moja tu nilipita Birere nikiwa nimeinamisha kichwa, akaniona. "Umeacha kuomba?" aliniuliza. Aliuliza kwa upole, kama mutu anayeogopa kwamba amebaki akiomba peke yake.

Ndagije alirudi kwenye musimu wa pili wa mvua. Waasi walikuwa wamemubebesha masanduku ya risasi kutoka Rugari mpaka Bunagana, na kutoka Bunagana mahali ambapo hakutaja. Alianguka na muzigo kwenye mawe, goti likageuka, wakamuacha. Velo yake ilibaki kwa mukubwa wao mumoja aliyetaka kujifunza kuendesha. Mapaja yale yalikuwa yamebaki kama fito.

Alikuja hapa kwangu muchana, na fimbo, akaketi kwenye jiwe hilo munaloketi. VTT yangu ilikuwa imegeuzwa chini juu, cheni nimeiweka muda si murefu. Nikamupa maji. Akanywa, akarudisha kikombe.

"Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri," akasema. "Barabara ile ile. Vumbi lile lile, mvua ile ile. Cheni zetu tulizinunua siku moja, kwa mutu mumoja. Yangu ikakatika. Yako haikulia hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza." Akaangalia cheni. "Ulikuwa unaweka nini?"

"Buji," nikasema.

"Buji gani?"

"Za kuwasha. Unayeyusha, unazamisha."

Barabarani chukudu mbili zilipita na viazi, madereva wakabishana kwa sauti.

"Buji," akasema tena. "Nyumbani tulikuwa tunalala juu ya makartoni ya buji." Kisha akainua macho. "Zako ulinunua wapi?"

"Kwa mama yako."

Nilingoja fimbo. Ningeipokea. Alinyoosha tu mukono, akapitisha kidole kwenye cheni yangu, pole pole, kiungo kwa kiungo, kama Muzee Birori alivyotufundisha. Akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama. Kilikuwa kisafi.